Kuingia si Kufaa: Bunduki ya Urithi ya Sengerema na Risasi Zisizo Zake

Kisa hiki ni cha familia moja ya wilaya ya Sengerema. Mwana mkubwa wa marehemu, mwalimu anayeishi Nyegezi, amekubali nikiandike kwa sharti kwamba majina yasitajwe. Nakiandika kwa sababu mambo yaliyomo nayasikia kila mara kwa wamiliki wa silaha wa Kanda ya Ziwa, na safari hii yote yalikusanyika kwenye bunduki moja.

Marehemu baba yao alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba. Alimiliki kihalali bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), kazi ya Birmingham, Uingereza. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa alikata leseni akaenda kutafuta kanga na kwale, na miezi mingine bunduki ilikaa chumbani. Karatasi zake zilikuwa sawa, na hata uhakiki wa silaha wa 2016 ulimpita bila shida. Alipofariki, ndugu walisubiri arobaini ipite, wakakaa kikao cha ukoo, wakagawana majukumu. Bunduki wakasema ni ya mwana mkubwa, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa.

Wiki hiyo mwalimu akanipigia simu. "Kaka, Jumamosi naenda kuichukua bunduki ya mzee. Navuka nayo darajani, jioni nipo nyumbani. Ina matengenezo madogo tu, nataka ushauri."

Nilimwambia asiiguse, na kwamba hayo matengenezo tutayazungumza baadaye. Kibali cha kumiliki silaha ni cha mtu, wala hakirithiwi kama ng'ombe au shamba. Aliyeandikwa kwenye kibali akishafariki, hakuna tena mtu nyumbani mwenye haki ya kukaa na ile silaha, awe mjane au mtoto. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza nani aombe, lakini hakiwezi kumpa mtu umiliki. Kama mwalimu angesimamishwa Busisi au Kigongo na bunduki ile kwenye buti, angekuwa mtu aliyebeba silaha bila kibali, na barua ya ukoo yenye sahihi za wazee ishirini isingemsaidia lolote. Tena kibaya zaidi, bunduki ilikuwa bado chumbani kwa mama yao, zaidi ya mwezi mzima tangu msiba, nyumba imejaa wageni na watoto.

Aliyeokoa jambo ni dada yao wa pili, ambaye ndiye mahakama ya mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alipoelezwa, alikwenda kituo cha polisi siku iliyofuata, akatoa taarifa, askari wakaja kuichukua wakamwachia hati ya makabidhiano yenye namba ya bunduki. Tangu hapo silaha ilikuwa ghalani mwa polisi, mahali inapostahili kuwa mpaka mrithi apate kibali kwa jina lake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo inayoongoza haya yote, nayo imechukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji unakoishi, yanapanda ngazi kwa ngazi. Ni safari ndefu, na mwalimu alilijua hilo.

Sasa yale aliyoyaita matengenezo madogo. Yalikuwa haya: mtutu wa kushoto ulikuwa unagoma, unavuta kifyatulio na risasi hailipuki. Mitutu ilikuwa inacheza ukiishika bunduki ikiwa imefungwa. Binamu yao, mlinzi wa kampuni moja mjini, alikuwa amemwona mtu anauza mitutu miwili mipya ya Kituruki, geji hiyohiyo 12, "unabandika tu". Mjomba naye alishauri mitutu ikatwe iwe mifupi, ikae vizuri nyuma ya kiti cha gari. Na mwalimu mwenyewe alikuwa na habari njema: mzee ameacha boksi zima la risasi, halijafunguliwa, za milimita 70.

Hiyo habari njema ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote.

Tulipata ruhusa ya kuitazama bunduki palepale kituoni, mbele ya askari wa ghala. Aliikunja mwenyewe kwenye bawaba ikafunguka, akahakikisha chemba zote mbili, yaani mahali risasi zinapokaa, ziko tupu, akaingiza kidole kuthibitisha, ndipo akatusogezea. Mbao ya mbele ikatolewa, mitutu ikatengana na mwili, tukaigeuza. Chini ya mitutu, kwenye sehemu mbili bapa zinazokalia mwili wa bunduki, ndiko bunduki za Ulaya zinakoandikwa habari zao. Wamiliki wengi hawajawahi kuitazama sehemu hiyo maishani mwao. Tuliona taji juu ya herufi BNP, namba 12, kipenyo .729, kisha 2½", na maneno 3 TONS.

Hizo ni alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1813. Kila mtutu unaouzwa kule lazima kwanza ufyatuliwe kwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko ya kawaida, ukivumilia unagongwa muhuri. BNP yenye taji ilianza na kanuni za 1954, na vipimo vya inchi na tani viliachwa mwaka 1989. Kwa hiyo ile hadithi ya familia kwamba bunduki ni ya enzi za Mjerumani haikusimama, ingawa mjomba hakufurahi kuisikia. La maana zaidi ni 2½". Hiyo ni urefu wa chemba, nayo ni chemba ya risasi tunazoziita za milimita 65. Ile 3 TONS ni kiwango cha shinikizo ambacho bunduki ilipimiwa ikihudumu, kwa inchi moja ya mraba.

Mwalimu akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: "Lakini mbona za 70 zinaingia? Mzee alikuwa anaziweka, bunduki inafunga vizuri."

Zinaingia kwa sababu urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo umefunguka wote. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa kwa ndani, mikunjo kama nyota, na risasi ya milimita 70 ikiwa nzima ina urefu wa karibu milimita 60 tu. Chemba ya 65 inaimeza bila kusukumwa. Tatizo linakuja ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, baruti inapowaka. Mikunjo inafunguka kwenda mbele, lakini chemba imekwisha. Mbele yake kuna mahali tundu linapoanza kubanwa kuelekea kwenye mtutu. Mdomo wa ganda unafungukia humo na kuifanya njia iwe nyembamba zaidi, wakati huohuo kizibo na gololi zinalazimishwa kupita. Shinikizo linapanda. Halafu ongeza kwamba risasi za siku hizi zenyewe zimetengenezwa kwa bunduki za siku hizi: kwa viwango vya CIP, chombo cha kimataifa cha majaribio ya silaha chenye mizizi ya 1914, risasi ya kawaida ya geji 12 inaruhusiwa kufika bar 740, na ile ya nguvu zaidi bar 1050. Boksi la mzee lilikuwa la hizo za nguvu zaidi.

Bunduki haikupasuka, na ndiyo maana mzee hakushtuka. Mara nyingi haipasuki siku ya kwanza wala ya kumi. Inachofanya ni kulegea. Kila mlipuko mkali unaivuta mitutu mbele kutoka kwenye uso wa mwili, ndoano iliyo chini ya mitutu inaisaga pini ya bawaba, mpaka siku unaishika bunduki unasikia inacheza. Yaani ule mchezo wa mitutu ambao familia iliuona kama uzee ulikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe kilikuwa risasi za maboksi yaliyolitangulia lile ambalo halijafunguliwa.

Ushahidi tuliupata kwenye sanduku la bati la marehemu, ambalo dada yao alilileta kituoni na vyote vilivyokuwamo. Mzee alikuwa mtu wa kutotupa kitu; maganda matupu aliyahifadhi. Yale ya zamani, mafupi, yalikuwa na midomo laini. Yale marefu yalikuwa na midomo iliyochanika-chanika na kuvutika. Ukiona maganda ya namna hiyo yanatoka kwenye bunduki yako, acha kufyatua siku hiyohiyo. Huhitaji kipimo cha maabara kuelewa kwamba ganda halikupata nafasi ya kufunguka.

Ndani ya sanduku hilohilo kulikuwa na risasi chache za rangi ya njano, geji 20. Hakuna aliyejua zilikotoka. Naomba msomaji mwenye shotgun asimame hapa kidogo, hata kama bunduki yake ni mpya. Geji 20 ni nyembamba kuliko 12. Ukiiingiza kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12, inateleza ikaipita chemba na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Ukifyatua unasikia "tiki" tu. Unafungua, chemba unaiona tupu, unadhani hukuweka kitu. Unaweka ya geji 12, nayo inakaa sawasawa nyuma ya ile iliyokwama. Ukivuta kifyatulio mara ya pili, mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto unaposhikilia. Rangi ya njano imewekwa kwenye geji 20 kwa ajili ya ajali hiyo hasa. Mtu anayechanganya risasi mfukoni gizani, iwe anawinda au yuko lindo la usiku, haioni rangi. Kanuni ni rahisi na haina msamaha: nyumba yenye bunduki ya geji moja isiwe na hata risasi moja ya geji nyingine. Na mlio ukiwa si wa kawaida, au risasi isipolia, subiri mdomo wa bunduki ukielekea mahali salama, kisha fungua, toa risasi, utazame mwanga kupitia mtutu mzima kabla ya kuweka nyingine.

Nirudi kwa binamu na mitutu yake ya Kituruki. Wazo lake linatokana na bunduki anazozijua kazini. Zile za kukoki kwa mbele, hasa za viwanda vikubwa, mitutu yake hutengenezwa kwa mashine kwa kipimo kimoja. Ya Remington 870, iliyoanza mwaka 1950, unaweza kufungua kofia ya magazini ukatoa mtutu ukaweka mwingine wa modeli na geji hiyohiyo. Hata huko kuna mipaka. Mtutu wa Mossberg 590 hauingii kwenye Mossberg 500 ingawa ni ndugu wa kiwanda kimoja, kwa sababu magazini zake zinafungwa tofauti. Bunduki mbili za kukoki zilizopakwa rangi ileile nyeusi, kutoka viwanda viwili tofauti, zinaweza zisishirikiane hata skrubu.

Bunduki ya mitutu miwili ni habari nyingine kabisa. Fundi aliyeitengeneza aliipiga msasa kwa mkono, akipaka masizi na kukwangua kidogo kidogo, mpaka mitutu ikakaa kwenye mwili ule mmoja pasipite hewa. Ndiyo maana namba ya bunduki hurudiwa kwenye mitutu, kwenye mwili na kwenye chuma cha mbao ya mbele: vitu vitatu vilivyozaliwa pamoja. Tulizisoma zote tatu, zikalingana. Hata mitutu ya bunduki nyingine ya kiwanda kilekile isingekaa bila kazi ndefu ya fundi, sembuse ya nchi nyingine. Ingeweza kushika, ndiyo. Ingeweza hata kufunga ikiwa imepigwa nyundo kidogo. Lakini ikifunga na pengo dogo nyuma ya risasi, kinachobaki kati ya uso wako na mlipuko ni ganda la plastiki na shaba nyembamba.

Na tuseme ingekaa. Bado huyo muuzaji alikuwa nani? Mtutu ni sehemu ya silaha. Kuununua kwa mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha, kwa fedha taslimu pembeni ya barabara, ni kujitafutia kesi, kwa sababu hujui umetoka kwenye bunduki gani na ile bunduki ilifanya nini. Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo ambayo Tanzania imo, imejengwa juu ya alama na kumbukumbu: silaha iwe na namba, namba iwe kwenye daftari, na daftari lilingane na kilichopo mkononi. Ukibadilisha mtutu bila polisi kujua, umevunja mlingano huo hata kama nia yako ilikuwa kuwinda kanga.

Ushauri wa mjomba wa kukata mitutu sikuujadili sana. Kufupisha silaha ni kosa, na silaha fupi ya kuficha ndiyo ya majambazi. Kwa bunduki hii hata hasara ya kiufundi ni kubwa: ile choki, yaani ule mkazo mdogo karibu na mdomo unaozikusanya gololi, ingekatwa pamoja na chuma, na ule utepe uliochomelewa kwa lehemu kuunganisha mitutu miwili ungeanza kuachia. Mjomba alinyamaza, na tukaendelea.

Kugoma kwa mtutu wa kushoto ndiko kulikokuwa na jibu zuri. Familia ilikwishapata fundi wa vyuma aliyekuwa tayari kuwachongea pini mpya ya kugonga risasi. Ni kijana hodari, geti zake zinasimama Nyegezi yote, lakini kutengeneza silaha kunahitaji leseni, naye hana. Tena asingejua kwamba bunduki nyingi za mitutu miwili zisizo na nyundo za nje zinafuata mfumo wa Anson na Deeley wa 1875, ambamo mara nyingi pini na nyundo ya ndani ni kipande kimoja. Hakuna pini ya kuchomoa na kubadilisha. Na pini iliyochongwa kwa kukisia ikizidi urefu kidogo tu, inatoboa fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na moto unarudi nyuma.

Kwa kibali cha polisi bunduki ilipelekwa kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Alipofungua bamba la chini akakuta nyundo na springi ya kushoto zimefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama gundi. Mwalimu alipoelezwa akakumbuka mara moja: mzee alikuwa akiipaka bunduki mafuta ya pamba, yaleyale ya jikoni, kila mwaka akiyatia kwa wingi kupitia kwenye vifyatulio. Mafuta ya pamba hukauka taratibu yakikutana na hewa, yakawa utando. Ya alizeti vilevile. Nyundo ilikuwa inatembea kama mtu aliyezama kwenye tope, inaifikia fataki imechoka. Springi ilikuwa nzima na pini haikuvunjika popote. Fundi aliosha, akakausha, akatia tone la mafuta membamba ya bunduki kwenye viungo, na nyundo zote mbili zikapiga sawasawa kwenye risasi bandia.

Huyu mzee aliipenda bunduki yake, na hilo lazima lisemwe. Aliipaka mafuta mengi kwa sababu aliogopa kutu, na kando ya ziwa kutu ni adui wa kweli. Hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima, na masika ni balaa. Lakini aliihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, chini ya kitanda, na ngozi hunywa unyevu ikaushikilia kwenye chuma. Tulikuta vishimo vya kutu upande wa mtutu uliokuwa ukilalia chini. Afadhali sana kabati la chuma lenye kufuli, bunduki ikiwa imesimama wazi bila mfuko, mdomo ukitazama chini ili mafuta yasitiririkie kwenye mbao ya kitako na kuiozesha. Kitambaa kikavu baada ya kila kushikwa, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi. Utando mwembamba wa mafuta ya bunduki nje, na ndani ya mitutu ufutwe kabla ya kufyatua. Mafuta ya injini yaliyotumika yasikaribie kabisa. Yana uchafu na asidi za mwako.

Mwisho wa uchunguzi fundi aliandika hivi kwa ufupi: bunduki inatengenezeka. Pini ya bawaba inaweza kubadilishwa na mchezo ukaondoka. Unene wa mitutu unatosha. Itumike kwa risasi za 65 tu.

Mwalimu akauliza kama chemba haiwezi kurefushwa ifike 70, na swali hilo lilikuwa la haki, kwa sababu huko Uingereza kazi hiyo hufanywa. Lakini huko bunduki ikisharefushwa chemba lazima irudi kwenye nyumba ya majaribio, ifyatuliwe upya, igongwe muhuri mpya. Tanzania si mwanachama wa CIP. Ingemlazimu kuisafirisha mitutu nje na kuirudisha, kwa vibali vya nchi mbili, kwa gharama inayozidi bei ya bunduki. Kurefusha bila majaribio ni kuchukua mtutu uliothibitishwa kwa kipimo kimoja na kuuamini kwa kipimo kingine ambacho hakuna aliyewahi kuupima. Na risasi za 65 bado zinatengenezwa Ulaya, ila kila duka alilouliza lilikuwa na za 70.

Wapo walioona aombe kibali cha ile ile, aitengeneze, aagize risasi zake kidogo kidogo kupitia mfanyabiashara mwenye leseni. Kwa mtu mwenye subira na fedha, hilo ni jambo la heshima. Mimi nilimshauri vinginevyo, na bado nasimamia neno langu. Nyumba yake ina vijana watatu, na binamu yake analala na risasi za 70 za kazini. Bunduki ambayo risasi isiyo yake inaingia bila kuleta ubishi haifai nyumba ya namna hiyo, maana siku moja mtu atakayeijaza hatakuwa yule anayejua. Mwalimu alitafakari, akazungumza na mama yake, kisha akaamua kuisalimisha ya mzee na kuomba kibali cha mtutu mmoja, mpya, chemba ya 76, ambayo inapokea za 70 bila wasiwasi. Maombi yake yako ngazi ya wilaya ninapoandika.

Dada yao ndiye aliyekamilisha makabidhiano, kwa kuwa mirathi iko mikononi mwake. Hati ya kwanza ilikuwa imeandika "bunduki moja na risasi". Aliirudisha. Akaomba iandikwe namba zote tatu za bunduki, na risasi zitenganishwe: za milimita 65 ngapi, za 70 ngapi, za geji 20 ngapi. Askari wa ghala alizihesabu mbele yake moja moja, na nakala iko kwenye faili la mirathi pamoja na orodha ya ng'ombe.